Kuchoma Uvimbe wa Ini kwa Joto: Ushauri kwa Wagonjwa wa Masasi na Newala

Kila ufikapo msimu wa korosho, fedha zikaanza kuwafikia wakulima, huongezeka watu wa Masasi na Newala wanaoniuliza swali moja kwa maneno mbalimbali: mgonjwa wetu ameambiwa ana saratani ya ini, nasi tumesikia kwamba siku hizi uvimbe huchomwa kwa sindano ya moto pasipo kupasuliwa tumbo, na sindano hizo zipo za mawimbi ya redio na zipo za maikrowevu, je, iliyo bora ni ipi, tukaitafute? Swali hili ni la haki, nami nitalijibu. Walakini yampasa msomaji ajue tangu sasa kwamba aina ya sindano ni jambo la nne katika mambo yaamuayo tiba hii, na aghalabu watu hulitanguliza hilo la nne wakayasahau matatu yaliyo mbele yake.

Matatu yatanguliayo sindano

Kabla hujauliza habari za mashine, shika karatasi ya majibu ya altrasaundi au ya CT, umwombe tabibu akufafanulie haya:

- Ukubwa na idadi. Joto hufanya kazi yake vyema kwa uvimbe usiozidi sentimita 3, na vivimbe visizidi vitatu. Kati ya sentimita 3 na 5 kazi yawezekana, ila hofu ya kubakiza mizizi huongezeka. Ukipita 5, joto peke yake halitoshi, na anayekuahidi kinyume cha hayo mwepuke.
- Mahali ulipo. Uvimbe ulio katikati ya nyama ya ini huchomwa kwa usalama zaidi kuliko ule ulioegemea utumbo, mfuko wa nyongo, au njia kuu ya nyongo itokayo katika ini.
- Hali ya ini lenyewe. Saratani hii mara nyingi huota katika ini ambalo tayari limejaa makovu kwa sababu ya homa ya ini B, homa ya ini C au pombe ya miaka mingi; tabibu hana budi kujua ni kiasi gani cha ini kingali kinafanya kazi.

Hilo la tatu ndilo jamaa wa mgonjwa wasilopenda kulisikia, nami sioni heri ya kulificha. Mgonjwa ambaye macho yamekuwa manjano, tumbo limejaa maji, na usiku huweweseka asijue yuko wapi, huyo hafai kuchomwa, wala si kwa kuwa jamaa zake ni maskini au hospitali ni duni, bali kwa kuwa sehemu ya ini iliyobaki hai ni ndogo mno kiasi kwamba jeraha la joto, hata likifanywa na bingwa, laweza kuharakisha mauti badala ya kuyachelewesha. Kwa mgonjwa wa namna hiyo fedha za shamba zina kazi nyingine iliyo bora: kumtoa maji tumboni kwa utaratibu, kumpa dawa ya maumivu ya kutosha, ikiwamo mofini ya kunywa pale inapohitajika, na kumweka karibu na watu wake.

Kazi yenyewe

Mgonjwa hulazwa chali, mkono wa kulia umeinuliwa juu ya kichwa ili nafasi za mbavu zifunguke, ngozi ikasafishwa kwa dawa, akachomwa ganzi, na mara nyingi akatiwa usingizi. Tabibu, macho yake yakiwa kwenye kioo cha altrasaundi au picha za CT, huipenyeza sindano ndefu kati ya mbavu polepole mpaka ncha yake ikae ndani ya uvimbe. Mashine ikiisha kuwashwa, haupiti muda mrefu wingu jeupe la mapovu hutanda pale kiooni na kuufunika uvimbe wote, na mtazamaji asiyejua hudhani kwamba kazi imekwisha, ilhali wingu hilo ni mvuke tu, wala si kipimo cha nyama iliyokufa. Kazi ikimalizika, sindano hutolewa huku ikiendelea kuwaka, ili njia iliyopitia nayo ichomwe na damu isivuje.

Lengo si kuua uvimbe peke yake. Yatakiwa pia kufa ukingo wa nyama nzima iliyouzunguka, wa milimita 5 hadi 10 kila upande, maana humo ndimo hujificha chembe zisizoonekana kwenye picha. Kwa hiyo uvimbe wa sentimita 3 wataka pachomwe mahali penye upana wa sentimita 4 hadi 5, na hapo ndipo ilipo siri ya kile kipimo cha sentimita 3 nilichokitaja: si amri ya vitabu, ni hesabu ya mahali ambapo joto la sindano moja hufika.

Mawimbi ya redio

Kwa sindano ipitayo ngozini, hii ndiyo njia kongwe kati ya mbili hizi. Matabibu wa Italia na wa Marekani walieleza matumizi yake katika ini mwaka 1990, na tangu hapo imechunguzwa kuliko njia nyingine yoyote ya joto. Umeme ugeukao upesi mno, mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde, hutoka katika ncha ya sindano, ukapita mwilini, ukatokea katika vibandiko vipana vilivyobandikwa mapajani. Nyama iliyo karibu na ncha hutikisika na kupata moto, nayo ifikapo nyuzi 60 hufa karibu papo hapo. Lakini moto ukizidi nyuzi 100, nyama hukauka na kugeuka makaa, na makaa hayapitishi umeme, kwa hiyo joto hukwama: ni kama muhogo uliotupwa kwenye moto mkali, nje umeungua na ndani ungali mbichi. Ndiyo maana tabibu mzuri wa njia hii haendi mbio.

Yaliyo mema yake:

- Mipaka ya joto lake yajulikana vizuri, kwa kuwa uzoefu ni wa miaka mingi.
- Kwa uvimbe wa sentimita 2 au chini, ulio mbali na mishipa mikubwa, haishindwi na njia nyingine yoyote ya joto.

Ya kuhadhari:

- Mshipa wa damu wenye upana wa zaidi ya milimita 3 ukipita kando ya uvimbe, damu yake huchukua joto na kulipeleka mbali, na upande huo wa uvimbe huweza kubaki hai.
- Vibandiko vya mapajani visiposhikamana sawasawa huunguza ngozi. Paja liwe kavu, lisiwe na mafuta, na nywele zinyolewe. Mgonjwa aliyejipaka mafuta ya nazi alfajiri aseme mapema.
- Mwenye kifaa cha kuendesha moyo, au chuma nyongani, aseme kabla ya yote.

Maikrowevu

Mawimbi haya ni ya jamii ileile ya yale ya jiko la umeme la mjini. Mashine nyingi za hospitali hutumia hata kipimo kilekile cha megahezi 2,450, na nyingine megahezi 915. Hayahitaji umeme upite mwilini kutoka upande hadi upande, basi vibandiko havipo. Hutikisa maji yaliyomo ndani ya nyama, nayo hupata moto hata kupita nyuzi 100 pasipo makaa kuyazuia. Wajapani ndio waliotangulia kuyatumia katika ini, kwanza katika upasuaji, kisha, katika miaka ya 1990, kwa sindano ipitayo ngozini.

Faida zake zaonekana upesi. Kazi ambayo kwa mawimbi ya redio huchukua dakika 12 hadi 30, kwa maikrowevu mara nyingi humalizika kwa dakika 5 hadi 10. Eneo linalochomwa ni kubwa zaidi. Mshipa wa damu ulio jirani haulipozi joto kwa kiasi kile. Na sindano mbili au tatu huweza kuwashwa pamoja. Lakini nguvu hiyohiyo ndiyo hatari yake, kwa kuwa joto lisambaalo mbali na upesi humpa tabibu nafasi ndogo ya kurekebisha kosa, na eneo lililochomwa huweza kurefuka kufuata mwili wa sindano badala ya kuwa duara. Karibu na njia kuu ya nyongo, mimi ningemwogopa mwenye haraka na maikrowevu kuliko mwenye subira na mawimbi ya redio.

Basi ipi?

Wapo wauzaji wa mashine, na wapo ndugu waliorudi kutoka India, wasemao kwamba ya zamani imekwisha kufa na sasa ni maikrowevu tu. Ushahidi hausemi hivyo. Mwaka 2018 yalichapishwa majaribio yaliyofanywa Ufaransa na Uswisi kwa wagonjwa 152 wenye vivimbe visivyozidi sentimita 4, waliogawanywa kwa kura kati ya njia hizo mbili. Baada ya miaka 2, vivimbe vilivyorudi palepale vilikuwa kama 6 katika kila 100 kwa maikrowevu, na kama 12 katika kila 100 kwa mawimbi ya redio. Tofauti hiyo yaelekea upande wa maikrowevu, ila kwa hesabu ya wataalamu haikutosha kuthibitisha kwamba si bahati tu.

Kwa hiyo shauri langu ni hili:

1. Uvimbe wa sentimita 2 au chini, ulio mbali na mshipa mkubwa: ichukue njia yoyote iliyopo karibu na iliyo mikononi mwa tabibu aliyeizoea. Usisafiri nchi nyingine kwa ajili ya jina la mashine.
2. Uvimbe wa sentimita 3 hadi 4, au uliopakana na mshipa mkubwa wa damu: kama zote mbili zipo, omba maikrowevu.
3. Mwenye kifaa cha moyo: maikrowevu huwa ndiyo nafuu, kwa makubaliano na tabibu wa moyo.
4. Uvimbe unaogusa njia kuu ya nyongo au utumbo: uliza kwanza kama upasuaji, au tiba ya kuziba mshipa unaoulisha uvimbe, haifai zaidi.
5. Uvimbe upitao sentimita 5: swali si la sindano tena.

Njia nyingine za joto nitazipita upesi. Leza hupeleka mwanga kwa uzi mwembamba sana na hufaa vivimbe vidogo. Mawimbi ya sauti yaliyokusanywa huchoma pasipo sindano kabisa, lakini mbavu na pumzi ya mgonjwa huyasumbua, na muda wake ni mrefu. Ipo pia njia isiyo ya joto, ambayo kwa nchi kama yetu haifai kudharauliwa: kudunga spiriti safi ya hospitali ndani ya uvimbe mdogo. Kwa uvimbe usiozidi sentimita 2 yaweza kutosha pasipo na mashine, ingawa ukizidi hapo joto huishinda. (Nasema spiriti ya hospitali; kwa aliyeniuliza kama gongo ya mabibo yafaa kazi hiyo, jibu ni hapana, na hiyo gongo ndiyo mojawapo ya njia za kulifikisha ini mahali hapo.)

Shaka mnazoniletea

"Uvimbe ukiguswa na chuma husambaa." Hofu hii ni kubwa kwetu, na imewafungia wengi nyumbani. Chembe kupandikizwa katika njia ya sindano hutokea, lakini kwa nadra, na kule kuichoma njia wakati wa kutoa sindano hupunguza hatari zaidi. Uvimbe ulioachwa pasipo kuguswa ndio aghalabu husambaa.

"Maikrowevu ni mionzi, itamletea mgonjwa saratani nyingine." La. Hayo ni mawimbi ya joto, wala si mionzi itumikayo kutibu saratani pale katika hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na mashine ikizimwa hakuna kinachobaki mwilini.

"Akichomwa amepona?" Uvimbe ule waweza kufa kabisa, naam. Lakini ini lililouotesha lingali lilelile, na zaidi ya nusu ya waliochomwa huota uvimbe mwingine ndani ya miaka 5. Asiyerudi kupimwa amepoteza nusu ya tiba.

Safari kutoka huku kwetu

Kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, mgonjwa hawi mali ya nafsi yake. Mjomba ndiye asemaye aende au asiende. Basi maneno haya nawaelekezea wajomba. Utaratibu wa rufaa, ambao wengi huuona kama kikwazo, ukifuatwa sawasawa huokoa fedha, kwa kuwa mwenye bima aendaye bila barua hulipishwa asichopaswa kulipa.

- Anzeni hospitali iliyo karibu: Newala, Mkomaindo mjini Masasi, au Ndanda kwa wamisionari. Hapo pafanywe altrasaundi, kipimo cha homa ya ini B na C, wingi wa damu na chembe zake za kugandisha, na vipimo vya utendaji wa ini.
- Uvimbe ukionekana, ombeni rufaa. Kipimo cha CT kiulizieni kwanza Mtwara, katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyoko Mitengo, kabla ya kufikiria njia ndefu ya Dar es Salaam. Kiwe cha kudungwa dawa mshipani na kupigwa kwa awamu. CT ya ini isiyo na dawa hiyo haitoshi kuamua, na kosa hili limewafanya wengi kulipa mara mbili.
- Dar es Salaam, ulizieni Muhimbili, kitengo cha tiba radiolojia. Tangu mwaka 2018 walimu wa Chuo Kikuu cha Yale na wenzao wa Marekani wamekuwa wakija kwa zamu kuwafundisha madaktari wetu ufundi wa kutibu kwa sindano ziongozwazo na picha, na waliohitimu hapo sasa wanafanya kazi wenyewe.
- Kabla ya kufunga safari ya karibu kilomita 600, mwombeni tabibu wenu apige simu aulize mambo mawili: mashine inafanya kazi? Na sindano zipo? Sindano aghalabu hutumika kwa mgonjwa mmoja tu, nayo ndiyo ghali. Mashine yaweza kuwapo na sindano zikawa zimekwisha. Ulizeni pia bei yake peke yake, mbali na ya kitanda, na kama bima ya mgonjwa huilipa.
- Bebeni picha zote, za kale na za sasa, pamoja na sidii yake. Picha zilizokunjwa na kuchomekwa darini juu ya meko hunyauka kwa moshi. Ziwekeni katika bahasha yake, zikiwa zimenyooka.

Mkimfikia tabibu, msione haya kumuuliza: uvimbe ni sentimita ngapi? Uko karibu na nini? Wewe mwenyewe umefanya kazi hii kwa wagonjwa wangapi? Tabibu mstahiki hachukii swali hili la mwisho, na jibu lake lina uzito kuliko chapa ya mashine.

Kabla na baada

Wiki moja kabla, semeni dawa zote anywazo mgonjwa, hususan aspirini na zile za kuyeyusha damu, na mizizi ya mganga pia. Chale mbichi tumboni ziepukwe: huingiza vijidudu, na kidonda kilichooza huahirisha kazi. Siku yenyewe asile kwa saa zisizopungua 6, na mwenye kisukari aulize mapema habari za dawa zake.

Baada ya kuchomwa, homa ndogo, uchovu na maumivu ya ubavu wa kulia kwa siku kadhaa ni kawaida, na visiwatishe. Parasetamoli yafaa, lakini isizidi vidonge 4 vya miligramu 500 kwa siku kwa mwenye ini lenye makovu. Diklofenaki iachwe, kwa ajili ya figo na damu. Msikimbilie basi la kurudi siku ya pili; kaeni mjini wiki moja kama mna ndugu wa kuwapokea. Rudini hospitali hima mkiona:

- homa kali yenye kutetemeka, hata kama wiki mbili zimepita, maana hiyo ni dalili ya usaha ndani ya ini;
- tumbo kuwa gumu na kuuma kote;
- kuzimia, au choo cheusi kama lami;
- pumzi kubana;
- macho kuanza manjano.

Kosa kubwa kuliko yote hutokea mwezi mmoja baadaye. Mgonjwa amepata nguvu, amerudi kupalilia mikorosho, na nauli ya kwenda kupigwa CT ya pili yaonekana kuwa hasara. CT hiyo ndiyo ioneshayo kama pana ukingo uliobaki hai, na ukibaki hai, huchomwa tena ungali mdogo. Fedha za kipimo hicho zitengwe siku ileile zinapotengwa za sindano. Baada ya hapo ni kila miezi 3 kwa mwaka wa kwanza na wa pili, kisha tabibu ataamua. Mwenye homa ya ini B aendelee na tenofovia kila siku; kuiacha kwa kuwa uvimbe umechomwa ni kuliachia ini liharibike upya. Uraka na gongo viachwe kabisa, wala pasiwe na kikombe cha sherehe. Karanga na mahindi yenye ukungu yatupwe, asipewe mtu wala kuku: sumu ya ukungu huo ni adui wa ini, na mwaka 2016 mahindi ya namna hiyo yaliua watu Dodoma na Manyara.

Walio nyumbani

Homa ya ini B haimpati mtu mmoja katika nyumba ikawaacha wengine kwa hisani. Mama, mke au mume, watoto, ndugu wa tumbo moja, wote wapimwe. Kipimo ni cha tone la damu. Atakayeonekana nayo apigwe altrasaundi kila miezi 6 kama tabibu ataona ini lake lina makovu au umri wake wataka hivyo, kwa kuwa uvimbe wa sentimita 2 hauumi, na hakuna njia ya kuukuta ukiwa mdogo ila kuutafuta. Watoto wachanga wa Tanzania wamekuwa wakichanjwa katika chanjo za kawaida tangu mwaka 2002. Wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakupata chanjo hiyo. Mtu mzima ambaye kipimo chake ni safi huchanjwa mara tatu: siku ya kwanza, baada ya mwezi mmoja, na baada ya miezi 6.